Misa ya arobaini, Meza ya Bwana na kujengea kaburi: maswali yanayorudi kila msiba

Maswali haya yanaulizwa chini ya turubai la msiba, kwenye jumuiya, kwenye magrupu ya familia, na mara nyingi na watu ambao nusu ya ukoo ni Wakatoliki, robo Walutheri na waliobaki ni walokole au Wasabato. Majibu yanajitahidi kumtendea haki kila mmoja, ila pale mwandishi ana msimamo wake atausema.

## Mambo ya msingi

1. Hivi kumbukumbu kwa Mkristo ni nini hasa, si ni kumuwaza tu marehemu?

Kuwaza ni sehemu ndogo sana. Angalia Biblia inavyolitumia jambo hili: Mungu akamkumbuka Nuhu (Mwanzo 8:1) na hapohapo upepo ukaanza kuvuma na maji yakapungua. Akamkumbuka Raheli, Raheli akapata mtoto. Akamkumbuka Hana, akazaliwa Samweli. Hakuna mahali Mungu anakumbuka halafu anakaa tu hivi hivi. Na yule mhalifu pale msalabani aliyesema "nikumbuke" (Luka 23:42) hakuwa anaomba Yesu amuwaze akifika, alikuwa anaomba aokolewe, na alijibiwa siku ileile.

Kwa hiyo kumbukumbu ya Kikristo siku zote ina kitu kinachofanyika: mkate unamegwa, jina linatajwa mbele za Mungu, maskini anapewa chakula, deni la marehemu linalipwa. Kornelio aliambiwa sala zake na sadaka zake zimefika juu zikawa ukumbusho mbele za Mungu (Matendo 10:4), na Kornelio hakuwa amejenga mnara wowote. Kama kumbukumbu yenu mwaka huu ni tisheti zenye picha na sinia za pilau basi, kuna kitu kimepungua.

2. Biblia inaruhusu kujenga minara na kuweka mawe ya kumbukumbu?

Inaruhusu, tena mengine Mungu mwenyewe aliyaagiza. Yoshua 4 inasimulia mawe 12 yaliyotolewa katikati ya mto Yordani yakasimikwa Gilgali, na sababu imeandikwa wazi: watoto wakija kuuliza haya mawe ni ya nini, wazazi wapate pa kuanzia kuwasimulia. Samweli naye alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri (1 Samweli 7:12).

Lakini upande wa pili upo pia. Absalomu alijijengea nguzo yeye mwenyewe akiwa hai, kisa hakuwa na mwana wa kulitunza jina lake (2 Samweli 18:18), na wote tunajua alivyoishia. Halafu kuna ile nyoka ya shaba ya Musa, iliyoanza vizuri kabisa kama kitu cha wokovu, vizazi vikapita, watu wakaanza kuifukizia uvumba, mpaka mfalme Hezekia akaivunjavunja (2 Wafalme 18:4). Yaani hata kumbukumbu halali inaweza kuoza, na ikioza kuivunja ni utii.

Kwa pembeni tu: yale mawe ya msingi ya makanisa yetu ambayo jina la mgeni rasmi na cheo chake vimeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu, halafu mstari wa Biblia uko chini kabisa na umeshaanza kubanduka, yale yako karibu zaidi na Absalomu kuliko Yoshua.

## Meza ya Bwana

3. Yesu aliposema "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu", alimaanisha ni ishara tu?

Hapa ndo Wakristo wamegombana miaka mingi kuliko karibu swali lingine lolote. Wakatoliki na Waorthodoksi wanasema hapana, sio ishara tu, mkate na divai vinakuwa kweli mwili na damu ya Kristo, na ile sadaka moja ya Kalvari inaletwa mbele yetu, hairudiwi. Walutheri nao wanasema Kristo yupo kweli ndani ya mkate na divai, ila wanaeleza tofauti. Makanisa mengi ya Kibaptisti na ya kilokole yanasema ni ukumbusho, mkate unabaki mkate.

Mwaka 1529 Martin Luther, ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, na Ulrich Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi aliyeshikilia kwamba mkate ni ishara, walikutanishwa Marburg, Ujerumani, ili wapatane. Luther akachukua chaki akaandika juu ya meza "huu ndio mwili wangu" kwa Kilatini, na hakusogea hapo. Walikubaliana karibu kila kitu isipokuwa hicho kimoja, wakaachana hivyohivyo.

Kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba Yesu alikuwa anakula Pasaka, na Pasaka yenyewe ilikuwa sikukuu ya kumbukumbu iliyoagizwa Kutoka 12:14. Wayahudi wanapoila wanasimulia kana kwamba wao wenyewe ndo walitoka Misri usiku ule, sio babu zao tu. Ukilishika hilo utaona kwamba hata asiyekubali mafundisho ya Kikatoliki hawezi kusema "ni kumbukumbu tu" kirahisi hivyo. Paulo anasema kila mnapokula mkate huu mnaitangaza mauti ya Bwana mpaka ajapo (1 Wakorintho 11:26), kwa hiyo meza ile inaangalia mbele pia.

4. Mbona wengine wanashiriki kila siku, wengine mara chache kwa mwaka?

Yesu hakutaja ratiba. Katoliki misa ipo karibu kila siku. Wasabato kwa kawaida ni mara moja kila robo mwaka na wanatanguliza kutawadhana miguu kama Yohana 13. Mashahidi wa Yehova wana Ukumbusho mmoja kwa mwaka, tarehe 14 Nisani (mwezi wa kalenda ya Kiyahudi) jua likishazama, na wengi wao wanapitisha mkate na divai bila kula. Wengine ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Usimhukumu jirani kwa kalenda yake.

## Kuwaombea marehemu

5. Ni halali kumuombea mtu aliyekwisha kufa?

Mkatoliki atakuonyesha 2 Makabayo 12, pale Yuda Makabayo alipochangisha fedha akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa. Mprotestanti atakwambia kitabu hicho hakimo kwenye Biblia yake, na atakupa Waebrania 9:27, mtu hufa mara moja na baada ya kufa hukumu. Msabato ataongeza Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote, wamelala wanasubiri ufufuo.

Lakini hata upande wa Waprotestanti mambo sio makavu kivile. Luther mwenyewe mwaka 1528 aliandika kwamba sio dhambi kumuombea marehemu kwa sala ya hiari, mara moja au mbili, kisha umwachie Mungu. Alichokikataa kwa nguvu ni biashara ya misa za wafu. Na wapo wanaosoma 2 Timotheo 1:18, Paulo akimtakia Onesiforo rehema "siku ile", wakiona kama Onesiforo alishafariki wakati huo, ingawa wengine wanabisha.

Kwenye familia mchanganyiko njia inayofanya kazi ni hii: ibada ya kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuwaombea wafiwa, hiyo kila mtu anaiitikia Amina. Wakatoliki wakiendelea na rozari na "Raha ya milele umpe ee Bwana", wengine wakae kwa heshima, hakuna aliyewalazimisha kuitikia.

6. Nataka misa ya kumbukumbu ya mama. Naanzia wapi na ni shilingi ngapi?

Nenda ofisi ya parokia, sio Jumapili dakika tano kabla ya misa maana katekista atakuwa anakimbizana na wasomaji na watoto wa ubatizo. Kuna daftari kubwa la nia za misa, mara nyingi kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee na mtu. Unaandika tarehe, jina la marehemu, na nani anaomba. Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka na uweke jina la ubatizo, la sivyo mama yako Skolastika atasomwa Kolosta mbele ya ukoo mzima.

Bei hakuna. Kuna sadaka, na kiwango cha kawaida kinajulikana pale parokiani, utaambiwa. Lakini sheria ya Kanisa (kanuni 945) inawahimiza mapadre waadhimishe misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata kama hawajapokea chochote. Ukiwa huna sema huna. Na kama kuna mtu anakwambia bila kiasi fulani misa haisomwi, muone paroko mwenyewe usiishie kwa mtu wa mlangoni.

7. Arobaini ni ya Kikristo au tumeiga kwa Waislamu?

Agizo la kufanya arobaini halipo kwenye Biblia, tuanze na hilo. Yakobo alipakwa dawa siku 40 (Mwanzo 50:3), Musa aliombolezewa siku 30 (Kumbukumbu la Torati 34:8), Yesu alipaa siku ya 40 baada ya kufufuka. Ila kuiga kwa Waislamu nako sio kweli moja kwa moja, maana Wakristo wa mashariki wamekuwa na ibada ya siku ya 40 tangu zamani sana, kabla hata ya Uislamu. Waorthodoksi mpaka leo wanaadhimisha siku ya 3, ya 9 na ya 40, na wanaleta kanisani ngano iliyochemshwa ikatiwa utamu, kwa sababu ya lile neno la Yesu kuhusu chembe ya ngano isipoanguka ikafa (Yohana 12:24).

Huku kwetu arobaini imechanganyika na desturi za kuanua tanga, za pwani na za bara, na hilo sio kosa. Inakuwa tatizo mtu akiamini kwamba roho ya marehemu inazurura nyumbani mpaka siku ya 40 na isipopikiwa itadhuru watoto. Hiyo haimo kwenye imani yoyote ya Kikristo.

8. Hatuna hela ya kulisha watu. Tunaweza kuruka?

Mnaweza, na wala sio aibu. Misa au ibada na chai ya rangi inatosha. Kuna familia zimekopa vikoba ili kumbukumbu ya mwaka ifanane na ya jirani, halafu Januari mtoto wa marehemu huyohuyo amerudishwa shule kwa ada. Kama kweli mnamkumbuka baba yenu, lipeni ada ya mtoto wake kwanza. Kuhusu tisheti na sare, angalia swali la 1.

9. Tarehe 2 Novemba ni nini, na inatofautianaje na tarehe 1?

Tarehe 1 ni Watakatifu Wote, wale walioko mbinguni tayari, wakiwemo wasiojulikana majina. Tarehe 2 ni Marehemu Wote, siku iliyoenea kupitia Odilo, abate wa Cluny kule Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 900. Kwa Wakatoliki kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu iliyobaki ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa masharti ya kawaida ya kuungama, kupokea komunyo na kuombea nia za Baba Mtakatifu. Ndo maana wiki ile unaona watu na majembe na fyekeo makaburini.

Kilimanjaro wengi wanasubiri Krismasi. Watu wanapanda kutoka Dar na Arusha, wanafyeka kuzunguka kaburi la babu pale kihambani katikati ya migomba, wanaosha msalaba, wanasali na kuimba, ndo wanakwenda kwenye nyama.

## Kaburi

10. Ni lazima kujengea kaburi? Na nani alipe?

Sio lazima. Abrahamu alinunua pango la kumzika Sara kwa shekeli 400 za fedha (Mwanzo 23), kwa hiyo kumhifadhi mtu wako mahali pa heshima ni jambo la Biblia, lakini heshima sio marumaru. Yesu aliwasema vikali watu waliokuwa wanajenga makaburi ya manabii na kuyapamba, huku mioyo yao ni ileile ya babu zao waliowaua hao manabii (Mathayo 23:29). Unakuta mzee alikaa miaka na paa linavuja hakuna aliyemtumia hata bati moja, akifa watoto wote wanashindana nani alete vigae vya Italia.

Kwa vitendo: subirini udongo ushuke kwanza, mvua moja au mbili zipite, maana mkimwaga zege mapema litapasuka na mtamlaumu fundi bure. Msalaba wa mbao wenye jina na tarehe unatosha kwa muda huo. Majina hakikini kwenye cheti cha ubatizo au kitambulisho kabla fundi hajachonga. Na mchango uamuliwe na kikao, kila mtu kwa uwezo wake, asiye na hela akashike chepe.

11. Naweza kuongea na marehemu kaburini? Na kumwaga pombe je?

Kusema "mama, nimefika, wajukuu hawa hapa" ni lugha ya mapenzi, hakuna mchungaji mwenye akili atakugombeza. Kumuomba akupe kazi au amzuie mke asitoroke ni kitu kingine, maombi yanaelekezwa kwa Mungu. Mkatoliki humuomba mtakatifu amuombee kwa Mungu, nako mwisho wa ombi ni kwa Mungu.

Kumwaga mbege au kuchinja ili mizimu itulie, hapo makanisa yote makubwa yanasema hapana, kwa sababu kinachofanya kazi pale ni hofu. Mnywee babu soda pembeni ya kaburi mkicheka stori zake, hiyo sio tambiko.

## Mashahidi na sehemu za kumbukumbu

12. Kwa nini watu wanatembea kwa miguu mpaka Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni?

Kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakristo wanaoitwa Mashahidi wa Uganda, walichomwa moto hapo kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Sio wote walikufa siku hiyo, Yosefu Mukasa alitangulia Novemba 1885 na wa mwisho aliuawa Januari 1887. Wakatoliki ni 22 na Waanglikana 23. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wale 22 tarehe 18 Oktoba 1964, na kwenye mahubiri yake siku hiyo aliwataja na wale Waanglikana. Pale Namugongo kila upande una eneo lake, na basilika la Wakatoliki lina nguzo 22 kwa hesabu ya mashahidi wao.

Mahujaji wanatoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo, wengine wanatembea wiki kadhaa. Wakifika wanajaza vidumu maji ya pale ziwani karibu na madhabahu. Hayo maji ni ishara ya imani, beba ukitaka, ila dawa ya presha endelea kumeza.

13. Kumbukumbu ya uovu inafaa kuwa kanisani? Si bora kusahau?

Nenda Mkunazini, Zanzibar. Kanisa kuu la Anglikana lilianza kujengwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na lilijengwa palepale sokoni chini ya askofu Edward Steere. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, inasemwa ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Nje kuna sanamu za watu ndani ya shimo, minyororo shingoni. Walioamua altare ikae pale walijua wanachofanya.

Rwanda kanisa la Nyamata, ambapo watu waliuawa wakiwa wamekimbilia humo Aprili 1994, halisaliwi tena. Nguo za waliouawa zimepangwa kwenye mabenchi, na mwaka 2023 UNESCO iliiweka Nyamata kwenye urithi wa dunia pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero. Hapo Kanisa linakumbuka na aibu yake, maana wapo wakristo walioua wakristo. Burundi, seminari ndogo ya Buta, wanafunzi 40 waliuawa Aprili 1997 baada ya kukataa kujitenga Wahutu huku na Watutsi kule. Mtu akikwambia samehe usahau, mwambie samehe ni amri, kusahau hakuna aliyekuagiza.

## Hali zisizo za kawaida

14. Mwili haukupatikana. Tunaweza kufanya ibada?

Ndiyo. Makanisa mengi yana utaratibu wa ibada bila mwili, mnaweka picha na mshumaa, hakuna haja ya kuzika mgomba wala jeneza tupu kwa kuogopa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 wengine walizikwa Igoma, Mwanza, na wengine hawakutoka majini kabisa, na familia zao waliwaombea kama wengine wote. Bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake (Ufunuo 20:13).

15. Marehemu alijiua. Atasomewa misa?

Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilikuwa inamnyima maziko ya kanisa aliyejiua kwa makusudi, ya 1983 ikaliondoa hilo kabisa, na Katekisimu (2283) inasema Kanisa linawaombea. Kwenye makanisa mengine inategemea na mchungaji, na wapo wanaokataa bado. Ukikataliwa usibishane msibani, panda ngazi, muone mkuu wa jimbo au askofu. Na wazee wa kanisa waache kuhubiri jehanamu mbele ya mama aliyefiwa.

16. Ndugu yetu amechomwa kule Uingereza, majivu yamefika. Tufanyeje?

Wakatoliki wameruhusiwa kuchoma mwili tangu 1963, mradi sio kwa kukana ufufuo. Maelekezo ya 2016 yanataka majivu yazikwe au yawekwe mahali patakatifu, yasimwagwe ziwani, yasigawanywe, yasikae kabatini sebuleni. Desemba 2023 Vatikano ilisema kiongozi wa kanisa anaweza kuruhusu sehemu ndogo itunzwe mahali penye maana kwa marehemu. Rahisi zaidi: kaburi dogo pembeni ya mzazi wake, msalaba, imekwisha.

17. Tunaweza kumuomba Mwalimu Nyerere atuombee, wakati hajatangazwa mtakatifu?

Sala binafsi ndiyo. Kesi yake ilifunguliwa jimbo la Musoma na anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kisichoruhusiwa ni kumpa ibada ya hadhara kama mtakatifu, mfano sikukuu yake kwenye liturjia. Misa ya kumuombea yeye raha ya milele inasomwa bila shida.

18. Akaunti ya Facebook ya marehemu tuifute au tuiache?

Ongeeni kama familia, hasa mwenzi wake. Facebook inaruhusu akaunti igeuzwe kuwa ya kumbukumbu, hakuna atakayeweza kuingia tena, ila picha na salamu zinabaki, na mtu akiwa hai anaweza kuchagua nani aje kuisimamia. Kuposti kwa jina lake "nawasalimu kutoka mbinguni" acheni kabisa, watoto wake wadogo wanasoma. Na simu yenyewe msiiuze wala kuifuta kabla mtu hajatoa picha, sauti za kwaya alizorekodi, na meseji za watu waliokuwa wanamdai.